Operesheni ya Pua Yangu na Chumba cha Mama

Anayekwenda kupasuliwa pua huambiwa mengi na watu ambao pua zao ni nzima. Mimi niliambiwa nitatoka na sura ya mtu mwingine, niliambiwa ubongo utashuka, na shemeji yangu mmoja kule Nkome aliapa kwamba waliopasuliwa pua hawapigi chafya tena mpaka wanakufa. Yote uongo. Chafya napiga, sura ni ileile, na ubongo kama ulishuka basi haukuwa mwingi. Naandika haya kwa sababu yupo mtu mwenye safari hiyo mbele yake na hana wa kumuuliza. Nitasema yanayouma na yasiyouma. Nitasema pia jambo ambalo daktari hakulijua, kwa hiyo hakuweza kuniandaa nalo, maana lilikuwa nyumbani kwetu.

Pua yangu ilivunjika nikiwa msichana mdogo. Tulikuwa tunatwanga mtama, mimi na dada yangu ambaye sasa ni marehemu, michi miwili kinu kimoja, mmoja anapandisha mwingine anashusha. Nikainama kurudisha punje zilizoruka, mchi wake ukanipata usoni. Damu ilikauka, uvimbe ukaisha, baba akasema mtoto amepona. Lakini ule ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua ulikuwa umepinda, na kadiri nilivyokua ndivyo ulivyozidi kuziba. Tundu la kushoto lilifunga kabisa. La kulia lilipitisha hewa kidogo siku ikiwa nzuri, na siku nzuri zilikuwa chache. Nililala mdomo wazi, nikaamka ulimi mkavu, kichwa kinagonga. Harufu nazo zilikwenda moja moja, na sikuziaga.

Mtu asiyesikia harufu watu humfanyia mzaha. Niliolewa Nkome, kando ya ziwa, kwa mchuuzi wa dagaa, na wakwe zangu walisema Mungu aliniumba kwa kazi ile. Dagaa walionyeshewa na kuoza niliwageuza juani bila kukunja uso, wenzangu wamejifunga khanga puani. Nilicheka nao. Maziwa yaliyochacha niliyajua kwa ulimi, mboga inayoungua niliijua kwa moshi. Lakini wanangu mapacha, Kulwa na Doto, niliwanyonyesha na kuwabeba bila kujua wananukiaje, na hilo sikuwahi kulicheka.

Ndipo mama akaugua. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni unaipata kwa kujuana na mtu wa duka la ushirika. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa. Mama aliishi kwa kaka yangu Masanja, kijijini nje ya mji wa Shinyanga, na Masanja akatuma ujumbe Nkome kwamba mama ana kidonda kifuani, nije nimuuguze. Nilishangaa kidogo kwa nini mimi, niliye mbali kuliko wote. Mke wake, Mama Sayi, alikuwepo palepale, mwanamke mwenye nguvu na asiye mvivu. Nikajipa jibu kwamba mama ndiye aliyenitaka. Nikamwachia mume wangu watoto na mikeka ya dagaa, nikaenda.

Titi la mama lilikuwa limepasuka. Hospitali walisema ugonjwa umefika mbali, wakatupa bandeji na dawa ya zambarau ya kuoshea, wakasema tumtunze nyumbani. Nikamtunza. Nilimwosha asubuhi na jioni, nikafua vitambaa, nikatandika mkeka wangu kando ya kitanda chake, nikala naye sahani moja. Kwetu kula sahani moja na mtu si jambo dogo. Anayeanza kutengewa chakula chake peke yake anajua kwamba watu wamekwisha kumwondoa katika hesabu. Mama alikuwa ametengewa tangu wakati wa palizi. Siku ya kwanza nilipokaa chini mbele yake nikamega ugali wake, alinitazama mpaka tonge likapoa mkononi mwake.

Wageni walikuja kumjulia hali. Kila mmoja alisimama kwanza mlangoni, Mama Sayi akampa kikopo cha ugoro, akavuta matundu yote mawili, akaingia macho yanachuruzika. Wazee wa Kisukuma hupeana ugoro wanapotembeleana, kwa hiyo niliona wifi yangu ana adabu kubwa kwa wageni wa mama. Nilimsifu. Aliniangalia kitambo, akasema, "Asante, wifi," akaenda jikoni.

Siku moja tulimpeleka mama mjini kwa lori la pamba akafungwe kidonda upya. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mabenchi ya hospitali ndiyo sehemu ya kwanza ya ugonjwa wowote, na atakayekwambia ujiandae kwa kisu bila kukwambia ujiandae kwa benchi hajawahi kuugua. Nilisinzia nimeegemea ukuta, nikakoroma mpaka foleni nzima ikageuka. Muuguzi akaniamsha.

"Mama, umemleta mgonjwa au wewe ndiye mgonjwa?"

Akaniambia yupo daktari wa pua, koo na masikio, anakuja kutoka Mwanza kiangazi hiki tu, nijipange kwenye mlango wake. Daktari alinimulika kwa kile kioo cha kufunga kwenye paji la uso. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Kupumua nitakurudishia," alisema. "Harufu siahidi. Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Njoo kabla sijaondoka."

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nikamsimulia Masanja uani. Hakufurahi.

"Kwa nini sasa?" aliuliza. "Pua umekaa nayo miaka yote. Ngoja kwanza mama..." Hakumaliza.

"Daktari hangoji, kaka."

"Mwambie, Baba Sayi," wifi yangu alisema. Alikuwa anachambua mboga na hakuinua uso. "Usipomwambia wewe, mimi nitamwambia."

Masanja alikwangua udongo kwa kidole cha mguu. "Mle ndani hakukaliki, dada. Kidonda kinanuka. Tumejaribu wote. Mimi mwanawe wa kumzaa nikiingia natapika. Mama Sayi amevumilia mpaka akakonda. Wewe peke yako unaweza kukaa mle. Ndiyo maana nilikuita."

Nilitazama kikopo cha ugoro kwenye dirisha la jikoni, nikaelewa. Hasira niliyoipata sijui niieleze vipi. Nilidhani mimi ndiye mtoto mwenye moyo, kumbe nilikuwa mtoto mwenye pua mbovu. Na mama, ambaye chumba chake kilikuwa hatua chache kutoka pale tuliposimama, alikuwa amesikia yote.

Aliniita. "Nenda, ng'wanone, mwanangu, ukatengenezwe," alisema. Nilimwambia naweza kungoja. Akatikisa kichwa. "Nenda. Utapona. Halafu utakuwa kama wenzako." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayetaja hali ya hewa, kisha akageukia ukutani.

Ningeweza kubaki. Wengine waliniambia hivyo baadaye, tena usoni. Lakini nilikuwa nimechoka kuamka nimekabwa na koo langu mwenyewe, na sitajifanya mtakatifu hapa: niliitaka pua. Niliitaka, na niliogopa itakachonifanya.

Sasa nije kwenye operesheni yenyewe. Tangu jioni huli wala hunywi. Asubuhi unavuliwa hereni na shanga, unachomwa sindano ya kulegeza, na unalegea kweli, unawapenda watu wote. Kisha wanakusindilia puani vitambaa vilivyoloweshwa dawa ya ganzi. Dawa hiyo ni chungu, inateremka kooni, na meno ya mbele yanakufa kabisa. Wengine hulazwa usingizi. Mimi nilikuwa macho, nimefunikwa uso, nimeachiwa pua tu. Maumivu hayakuwa makubwa. Kilichonitisha ni sauti. Unasikia mfupa wako unavunjwa vipande ndani ya kichwa chako, vile unavyosikia unapotafuna mfupa wa kuku, ila anayetafuna ni mwingine. Machozi yanatoka yenyewe, usione aibu. Damu ikishuka kooni iteme. Mimi niliimeza kwa ustaarabu wa kijinga, na jioni nikaitapika yote, nyeusi, nikadhani nakufa.

Baada ya hapo wanakuziba. Kila tundu linajazwa utambi mrefu wa kitambaa chepesi, unashindiliwa mpaka unahisi uso wako si wako. Macho yalivimba yakabaki mistari. Kila ukimeza, masikio yanavutwa ndani. Wagonjwa wengi hulalamika zaidi kwa kupumua kwa mdomo, usiku na mchana. Mimi kwa hilo nilikuwa mzoefu, labda kuliko wote waliowahi kulala pale. Hata hivyo midomo ilipasuka, na ulimi ukawa ubao.

Kitanda cha jirani alilala Bi Zaituni, mfanyabiashara wa vitenge wa pale mjini, aliyekuwa amepasuliwa rovu. Yeye naye hakuweza kuongea vizuri, tukawa tunazungumza kwa mikono. Aliniona ninavyoteseka na kiu, akachana upande wa leso yake, akawa anaulowesha kwenye kikombe cha maji na kunipangusia midomo, kila mara, bila kuombwa. Alikuwa na mshono shingoni na alipaswa kulala chali, lakini aliinuka. Ukienda hospitali usichague jirani kwa kabila wala dini. Omba tu apatikane mwenye huruma.

Ndugu zangu hawakuja. Masanja alituma uji kwa mtu wa lori, na salamu kwamba Mama Sayi anamwosha mama mara moja kwa siku. Mara moja. Nililala nikiwaza vitambaa vile vinavyoshinda vimeloa, na nilishindwa hata kulia sawasawa kwa sababu kilio kinahitaji pua.

Kutolewa utambi ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, na heri uambiwe mapema. Muuguzi alishika ncha akavuta. Ukaja, ukaja, ukazidi kuja, nikashika reli ya kitanda nikiwa na hakika kwamba sasa ananitoa ubongo, walionionya walisema kweli. Damu ikafuata, ikakatika. Kisha akasema, "Funga mdomo. Vuta kwa pua, polepole." Nikavuta. Hewa iliingia pande zote mbili, baridi, ikafika nyuma ya macho. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba watu wazima wanapata kitu hicho bure siku nzima. Nilivuta tena na tena mpaka kizunguzungu kikanishika, Bi Zaituni akacheka akashika shingo yake kwa maumivu.

Harufu haikuwepo. Hakuna kabisa. Na nilipogundua hivyo, nilipumua kwa nafuu nyingine.

Masharti ni haya: usipenge kamasi kwa wiki nyingi hata ukiudhika namna gani, ukipiga chafya fungua mdomo, usiiname, usinyanyue kizito, usikae kwenye moshi, usiguse ugoro. Daktari aliyasema kama vitu rahisi. Mwanamke wa kijijini asipoinama, asiponyanyua na asipokaa kwenye moshi anafanya kazi gani? Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda nimejifunga kitambaa usoni dhidi ya vumbi la kiangazi, wifi yangu akipita na ndoo mbele yangu, na ndoo ile ilikuwa ikitua kwa kishindo kila mara.

Mama aliponiona mara ya kwanza alinishika kidevu. "Unasikia chochote?"

"Hapana, mama."

Akacheka, cheko fupi, akaniachia. Tukala sahani moja jioni ile, nami nikafikiri labda nimepewa vyote, hewa na mama.

Kila baada ya muda nilirudi hospitali kusafishwa vikoko vya damu vinavyojijenga ndani. Vinatoka vikubwa, vibaya, usiogope. Safari moja daktari alivuta kimoja kutoka juu kabisa, nikahisi kitu kimefunguka. Nilitoka nje nikapita sokoni. Mtu alikuwa anachoma mahindi. Nilisimama ghafla, mwenye baiskeli akanitukana. Yalikuwa mahindi, nilijua kabla sijayaona. Baada ya mahindi yakaja mafuta ya taa, ikaja ngozi ya mbuzi mbichi, likaja jasho la wabeba mizigo, na kwenye meza ya mwisho dagaa, dagaa wa kwetu ziwani, wakali hivi kumbe. Nililia katikati ya soko la Shinyanga, mtu mzima, na sikuona haya. Nilitamani Kulwa na Doto wawepo niwashike vichwa niwanuse.

Kisha nikakumbuka ninakorudi. Lori la kwanza la kijijini likajaa, nikaliacha. La pili nikapanda.

Harufu ilinipokea kabla sijafika nyumbani. Nilikuwa bado naupita ua wa mnyaa wa boma la kaka, na ilikuwepo pale, tamu na mbovu kwa pamoja, ikakaa nyuma ya ulimi. Sitaieleza zaidi, aliyeuguza kidonda cha namna hiyo anaijua. Mama Sayi alinitazama usoni akajua papo hapo. Hakunicheka. Alichukua kikopo dirishani akaninyooshea.

"Vuta kidogo, wifi. Inasaidia."

"Nimekatazwa."

"Basi pole," akasema, na naamini ilikuwa pole ya kweli, ya kwanza kati yetu. Yeye alikuwa amekaa na harufu ile tangu palizi, nami nilikuwa nimemwona mkavu wa moyo.

Niliingia. Mama akauliza kama kawaida, nami nikamjibu kama kawaida: hapana, bado, daktari amesema itachukua muda. Nilimwosha, nikafua vitambaa, nikakaa chini nikala naye. Kila tonge nililimeza kwa nguvu. Nilijifunza kuweka uso sawa, kuzungumza sana, kutazama mikono yake badala ya kifua. Nilijivunia, kwa kweli. Niliona nimeipita mitihani yote, nikasema moyoni kwamba mama atakwenda bila kujua. Mama alizikwa mvua za kwanza ziliposhika, wakati watu wanaanza kupanda, kwa hiyo haukuwa muda mrefu uliobaki. Ila hakwenda bila kujua.

Ilikuwa mchana wenye upepo. Nilikuwa nje nafagia, nikaingia na uji. Mama alikuwa amefumba macho, nami nikakaa kwenye mkeka kungoja aamke.

"Ukiwa uani nakusikia," alisema bila kufumbua. "Zamani nilikuwa najua ulipo kwa mkoromo wako, mchana kweupe. Sasa umetulia. Unapumua kama watu. Ukivuka mlango huu, unarudi kwenye mdomo."

Sikujua. Wallahi, nilikuwa sijajua. Nilikuwa nimechunga uso, macho na maneno, na mdomo wangu ulikuwa wazi pale pale, koo limekauka. Nilitaka kusema ni vikoko, ni vumbi, nikaona ni upuuzi kumwongopea mtu anayejua.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu siku ile uliyochelewa lori."

Alikuwa amekula nami sahani moja siku zote hizo akisikiliza ninavyomkimbia nikiwa nimekaa mbele yake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwambie Mama Sayi anitengee changu. Mwili wangu nami naujua, hausemeki. Wewe kaa nje, ng'wanone, upumue. Ndicho ulichoendea."

Nilikaa na bakuli la uji mikononi. Mama hakuwa mtu wa kufarijiwa kwa maneno. Nilisogea mpaka magoti yangu yakagusa kitanda. Nikafunga mdomo. Nikavuta kwa pua, polepole, pande zote mbili, mpaka kifua kikajaa.

Ilikuwa mbaya kuliko nilivyofikiri. Nikatoa kwa pua, nikavuta tena. Mama alifumbua macho, akisikiliza, nami nikaendelea mpaka pumzi yangu ikashuka ikawa ya kawaida. Kisha akajikokota akageuka upande wangu, akafungua kinywa apewe uji.